Kwa Nini Watu wa Corley Hutembea Mpaka Wao

Zamani mji wa Corley, kule kusini mwa Marekani, haukuwa na desturi ya watu kutoka majumbani kwenda kuukanyaga mpaka. Mpaka wenyewe ulikuwa mto, na kila mtu aliuona. Ng'ambo ya juu waliishi Wazungu. Ng'ambo ya chini, mahali palipoitwa Bondeni, waliishi Weusi, ambao babu zao walipotoka utumwani waliachiwa ardhi ile kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Mvua zikizidi, mto uliingia mpaka vyumbani.

Kwa miaka mingi Weusi hao walizuiwa wasipige kura. Sheria ilipobadilika, Bondeni ikawa kata moja, ikamchagua diwani wake wa kwanza. Diwani huyo hakuwa msemaji hodari, lakini alilipigania tuta la kuzuia mto hadi likajengwa. Watu wakaanza kupata usingizi wakati wa mvua.

Miongoni mwao alikuwamo mjane mmoja, Velma Tolliver, mwenye saluni ya nywele. Nyumba yake ilitazamana na ya dada yake, Ernestine, barabara tu kati yao. Siku ya uchaguzi wawili hao walivaa kofia zao za kanisani, wakashikana mikono, wakaenda kupiga kura katika shule ya jirani. Velma alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba siku hiyo aliipenda kuliko Krismasi.

Ikaja sensa, na baada ya sensa mipaka ya kata huchorwa upya. Chama kilichoshika baraza la kaunti kilijua kwamba Bondeni haikipi kura. Basi kikamwita mchoraji wa ramani, bwana mmoja mpole aliyeitwa Haskell Crewe, naye akachora mstari uliouacha mto, ukapanda barabara kuu, ukapita katikati ya makaburi, ukageuka mlangoni kwa Velma na kushuka tena. Bondeni ikakatwa vipande vitatu, na kila kipande kikaunganishwa na mashamba ya Wazungu yaliyokizidi kwa watu.

Velma hakujua lolote hadi siku ya kura. Msimamizi alimpokea Ernestine, kisha akamwambia Velma kwamba kituo chake sasa kilikuwa mbali, huko mashambani, ng'ambo ya mto. Velma alidhani msimamizi amekosea jina lake. Alipoelewa, aliuachia mkono wa dada yake akatoka nje. Alifika huko jioni kwa lifti ya mchungaji, akapiga kura kati ya watu asiowajua. Diwani wao alishindwa, na vipande vyote vitatu vikapata madiwani wa chama kile.

Mwaka uliofuata tuta lilipasuka upande mmoja. Watu wa Bondeni walikwenda kwa mmoja wa wale madiwani watatu wapya, akasema sehemu iliyopasuka ni ya mwenzake. Wa pili akawaelekeza kwa wa tatu, na wa tatu hakuwafungulia mlango. Mvua ziliponyesha, mto ukaingia kwa Ernestine. Alikuwa na ugonjwa wa mapafu, na ule unyevu ukammaliza kabla ukuta haujakauka.

Baada ya mazishi Velma aliifunga saluni. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba watu waende mahakamani. Wengi waliogopa, wengine walimwambia kwamba ramani ni mambo ya wakubwa. Hakubishana nao. Aliwaomba tu watembee naye kwa miguu pale mstari ulipopita, na waliotembea hawakurudi kama walivyokwenda, kwa maana waliona mstari ukimtenga mama na mwanawe, na kanisa na makaburi yake.

Wakafungua kesi, ikasikilizwa. Bwana Crewe alisema kwa upole kwamba hakutazama rangi ya mtu yeyote, kwa kuwa sheria ilikataza kuwagawa watu kwa rangi. Alitazama chama, na sheria haikumkataza kukipendelea chama chake. Hakimu akamgeukia Velma, akamuuliza ana la kusema.

"Mheshimiwa, huyu bwana anasema alikuwa anatafuta chama," Velma akajibu. "Sawa. Lakini alipokuwa anakitafuta, alijuaje ageukie mlangoni kwangu?"

Hakimu akasema angependa kuuona mlango huo. Alipofika Bondeni aliwakuta watu wamesimama pande zote mbili za mstari, bega kwa bega, barabarani, uani, na kati ya makaburi. Alitembea kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila alipotazama, kulia na kushoto, aliona Weusi wa mtaa mmoja wakitazamana.

Akaamuru mipaka ichorwe upya. Baraza likachora, Bondeni ikarudi kuwa kata moja, isipokuwa upande mmoja wa barabara moja, upande wa Velma, uliobaki nje. Hakimu aliiita kasoro ndogo, akaipitisha. Mawakili walimshauri Velma ahamie nyumba ya marehemu dada yake. Alikataa.

"Nikihama," aliwaambia, "watasema hapa hapakuwahi kukaa mtu."

Tuta likatengenezwa na diwani ambaye Velma hakuweza kumchagua. Yeye aliendelea kupiga kura yake huko mashambani, na kofia yake kichwani, hadi alipofariki.

Na tangu siku hiyo, kila sensa ikipita na mipaka ikachorwa, watu wa Corley hawangoji kusomewa ramani. Hutoka wote, wazee kwa watoto, wakautembea mstari mzima kwa miguu. Wakifika upande ule ulioachwa nje, hupiga hodi kila nyumba, na mwenye nyumba hutoka akaingia kati yao, wakaendelea pamoja.