Sikudhani na Nchi ya Wanaomlilia Mgeni

Sogeeni, mlio mbali!
— Tumesogea!
Niseme au nimeze?
— Sema, usimeze!

Hapo kale, kale sana, alikuwapo mwanamke jina lake Sikudhani. Mumewe, Chande, alikwenda kufua vyuma ng'ambo ya milima mitatu. Mwaka wa kwanza hakurudi. Mwaka wa pili hakurudi. Mwaka wa tatu hakurudi. Mwenyewe alikuja kusema eti mafuriko yalifunga njia. Mimi sikuwapo.

Sikudhani akasema, "Basi! Kama mimi ni mke au mjane, nikajue." Akafunga safari. Akapanda, akashuka, akapanda, akashuka, akapanda, akashuka, akafika.

Lugha ya huko hakuijua hata neno moja. Alikuwa na jina tu. "Chande?" akawauliza wazee.

Wazee wakatazamana, wakaangua kilio. Wee! Wanawake wakalia, wanaume wakalia, watoto wakaacha mchezo wakalia nao.

"Chande?" Wakapigapiga ardhi kwa viganja, machozi yanawatiririka.

"Chande?" Wakamshika mkono, wakamwonyesha nyumba. Kitanda kitupu.

"Maskini mimi, wamemzika!" Moyo ukampasuka. Akatoa wembe, akaketi uani mbele ya wote, akanyoa nywele zake zote kama wafanyavyo wajane wa kwao.

Kilio kikakatika ghafla. Watu wakamkodolea macho. Mama mmoja akaangusha kibuyu, maji yakamwagika, asiyaangalie.

Mara akatokea Chande, gunia la makaa begani.

"Mzimu!" Sikudhani akapiga yowe. "Mzimu wa mume wangu!"

Chande alikiona kile kichwa, akauona ule wembe, akabwaga gunia chini. "Mke wangu! Umevuka milima yote hiyo kuja kunikataa mbele ya watu?"

"Kukukataa? Si umekufa wewe!"

"Nani kasema?"

"Hawa! Si walikuwa wanalia?"

"Huku mgeni apendwaye hupokewa kwa machozi! Wakipiga ardhi, wanasema hapa ni kwako. Na huku, mwanamke akinyoa mbele ya wazee, amemwacha mumewe!"

Sikudhani akashika kichwa. Hakukuwa na cha kushika.

Chande akawaeleza wazee. Mkubwa wao akasikiliza mpaka mwisho, akatoa hukumu: "Tumeelewa. Lakini wembe umeshapita. Hakuna kulala nyumba moja mpaka nywele zishike kitana."

Chande alipomfasiria, Sikudhani hakuamini masikio yake. Miaka mitatu, milima mitatu, na mume yuko pale, mzima, haruhusiwi kumgusa! Akalia kwa uchungu. Wenyeji wakafurahi sana, wakajua sasa mgeni amewapenda.

Chande akamwachia nyumba, akajenga kibanda upande wa pili wa njia. Kila asubuhi alimwekea mlangoni mafuta ya nyonyo ya kupaka kichwani, akauliza kwa sauti, "Zimefika wapi?"

"Zimeanza kuchomachoma kiganja!"

"Paka tena!"

Naye akapaka tena.

Basi, wanangu, ukifika kwa watu usiyapime machozi yao kwa machozi ya kwenu. Uliza kwanza, wembe baadaye. Na mbona mnanitazama kichwa? Hiki changu ni kipara cha uzee! Mke wangu yuko ndani, kamwulizeni.

Ngano nimeitua hapa. Aliyeipenda aibebe.