Jeli ya Mwani na Nadhiri ya Bi Raya

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana nguzo za umeme zilikuwa zimeshasimama, paliishi Pemba mwanamke aitwaye Bi Raya. Alipata kidonda chini ya goti, kikatoa usaha, kikakataa kupona. Daktari akamwambia, "Kikizidi hiki, mama, mguu tutaukata."

Bi Raya akalia. Kisha akaweka nadhiri mbele ya Mwenyezi Mungu: "Atakayeniponya, nitatembea kwa miguu yangu miwili mpaka mlangoni kwake, nimkabidhi ng'ombe wangu wa maziwa." Na ng'ombe alikuwa naye huyo huyo mmoja.

Akaja Khelef, mfamasia, na unga wa antibiotiki. Akaunyunyiza, jasho likauosha. Akauchanganya na mafuta mazito, dawa ikanasa mumo humo kwenye mafuta, kidonda kisiipate. Akasema, "Dawa ninayo. Sina cha kuibeba."

Akaja Bi Mkasi, mkulima wa mwani. "Mwani ukichemshwa hutoa ute, baba, na ute ukipoa huganda kama faluda. Hebu nijaribu." Akaosha, akachemsha, akachuja. Ukawa mzito kama ugali, akamwaga. Ukawa mwepesi kama maji ya dafu, akamwaga. Vidole vikamtoka malengelenge, hata akapata jeli laini, inayotulia juu ya ngozi bila kuchuruzika.

Kukoroga akapewa Shaame, shemeji yake Mkasi. Khelef akamwagiza, "Ute ukitokota, tia unga." Shaame akaitikia. Mara akasikia vifijo vya mchezo wa ng'ombe uwanjani, vijana wakimchezea fahali. Akaenda kuchungulia, na kuchungulia kukawa kukaa. Aliporudi, moto umezimika, ute vuguvugu. Akatia unga, akakoroga, akanyamaza.

Wakampaka Bi Raya. Usaha ukapungua! Kijiji kikashangilia. Jeli ikaisha, wakapika nyingine, safari hii Khelef mwenyewe akasimamia, unga ukatiwa ute unatokota. Wakapaka, kidonda kikafunguka. Wakapika tena, unatokota vile vile. Wakapaka, kikazidi. Daktari akasema, "Mwisho wa mwezi aletwe, tukate."

Khelef akaulaumu mwani. Mkasi akailaumu dawa. Ijumaa, watu wanatoka msikitini, Shaame akawafuata wote wawili.

"Nisameheni kwa ajili ya Mungu. Ile ya kwanza sikuitia unga ikitokota. Nilikwenda kuangalia mchezo wa ng'ombe. Nikarudi, imepoa."

"Ee shemeji!" akamaka Mkasi. "Sisi tunamwombea Raya, weye unashangilia mapembe?"

Khelef akashika kichwa. "Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nikiipika dawa ikafa!"

Wakapika, wakaacha ipoe, ndipo wakatia unga. Wakapaka asubuhi, wakapaka jioni. Usaha ukakauka. Nyama ikajaa. Ngozi ikafunga. Mwisho wa mwezi daktari akauminya mguu, akaugeuza, akacheka: "Mama, rudi kwako ukalime."

Alhamdulillahi! Vigelegele vilisikika mpaka kijiji cha pili. Ndipo maneno yakaanza.

Khelef akasema, "Iliyoua vijidudu ni antibiotiki yangu. Bila hiyo mngempaka faluda tu."

Mkasi akasema, "Antibiotiki yako ilikuwa inaoga jasho na kushuka. Nani aliyeishikisha kwenye kidonda? Tazama vidole vyangu."

Shaame akasema, "Uvivu wangu siutetei, nimeshautubia. Lakini nilijua mtanicheka, na nilisema. Ningefunga mdomo, Raya leo angekuwa na mguu mmoja."

"Na wewe ungefuata agizo," akadakia Mkasi, "tusingejua kama moto una makosa. Sasa uzembe nao unalipwa?"

Asubuhi Bi Raya akatoka, kamba ya ng'ombe mkononi, anakanyaga ardhi kwa miguu yote miwili, watoto nyuma wanaimba. Akafika panapoachana njia tatu: hii ya Khelef, hii ya Mkasi, hii ya Shaame. Akasimama. Nadhiri ni ya Mungu, haichezewi, na ng'ombe mmoja haingii milango mitatu.

Je, jamaa zangu, kamba hiyo ingekuwa mkononi mwenu, mngeshika njia ya nani?