Udongo Mwekundu wa Nakijwa

Mfukia sumu huipanda.

Mliisikia jana mkutanoni mkacheka, eti wazee tuna maneno. Chekeni tu. Asili yake haichekeshi, na ni ya hapa hapa Kwamrutu, enzi za Nakijwa, mwenyekiti wetu wa kitongoji.

Chini ya mlima palikuwa na kiwanda cha ngozi. Kilipofungwa, wenyewe walibeba mashine na mabati, wakatuachia kiwanja kipana kilicholowa dawa za kulainishia ngozi. Hata mbuzi, anayetafuna mpaka kanga iliyoanikwa, hakukanyaga pale. Serikali ikasema: kisafisheni, mgawane, mjenge. Ikamtuma kijana mtaalamu wa udongo, Bwana Mrindoko.

Nakijwa alikitaka kiwanja kile kuliko mtu yeyote. Binti yake, Namkunda, alikaa mlimani kwenye mteremko uliomeguka kila masika, na ukuta wa nyumba yake ulishapata ufa wa kupitisha mkono. Mvua ikinyesha, Nakijwa hapati usingizi. Aliogopa kuamka akute mlima umemmeza Namkunda na mjukuu wake, Senzia.

Bwana Mrindoko alipima, akamjia amekunja uso.

"Mama mwenyekiti, udongo huu wote uchimbwe mpaka kina cha kiuno, ukafungiwe kwenye shimo lililosakafiwa. Maji ya hapa msiyaguse."

"Kazi ya muda gani hiyo?"

"Mkijitahidi, misimu miwili."

"Mvua ziko mlangoni, mwanangu. Mlima haunisubiri. Tukimwaga udongo mzuri juu yake je?"

"Mtakuwa mmeifunika tu, mama. Sumu haiozi kama mzoga."

Alielewa. Nalisema hili kwa sababu wapo wanaomtetea kwamba hakuambiwa. Aliambiwa, ila mlima ulimtisha zaidi.

Kesho yake baragumu la msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, likalia. Watu wakashuka na majembe, makarai na matoroli, wakachota udongo mwekundu wa kilimani na kuumwaga juu ya ule mweusi wa kiwanjani mpaka harufu ya dawa ikakatika. Tuliimba siku ile, tukajiona wajanja. Nyumba zikasimama, ya Namkunda ikiwa ya kwanza. Masika yale yale mlima ukaporomoka kweli, ukaichukua nyumba yake ya zamani yote. Nakijwa akasifiwa hadi kanisani, naye akaanza kulala.

Bomba lilikuwa mbali, kwa hiyo Namkunda, asiyejua onyo la Bwana Mrindoko, akachimba kisima uani. Maji yake yalikuwa ya baridi, tena safi kwa macho. Vikaanza vidonda viganjani mwa Senzia, kisha tumbo, kisha kutapika kusikokoma. Daktari alipouliza wanakunywa maji ya wapi, Nakijwa alishajua. Alikifunga kisima siku hiyo hiyo, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mtoto alifariki kabla mahindi hayajakomaa.

Kwetu maiti huzikwa nyumbani kwake. Wanaume wakaanza kuchimba uani. Udongo mwekundu ulitoka bila taabu, kisha sepetu likagusa ule mweusi, na harufu tuliyoisahau ikapanda mpaka walipokaa waombolezaji. Mchimbaji akasimama.

"Mama, tuendelee?"

Nakijwa akachungulia shimoni.

"Tokeni humo. Simlazi mjukuu wangu ndani ya kilichomuua. Mpandisheni mlimani."

Mzee mmoja akajaribu kumfariji: "Ulitaka kuwaokoa, binti yangu. Kosa lako ni kuifukia sumu tu."

"Sikuifukia, baba," akasema. "Niliipanda."

Senzia akazikwa mlimani, kwenye kipande ambacho hakikuporomoka. Tuliporudi, chakula cha msiba kilipoa kikiwa sufuriani. Nakijwa alichukua jembe, akaanza kuchimba pale pale wanaume walipoachia, nasi tukamfuata bila baragumu. Tulibomoa nyumba zote kwanza. Ile misimu miwili ya Bwana Mrindoko ilipita, ikapita mingine mingi, ndipo udongo wa mwisho ukaondoka. Namkunda alihamia mbali, wala hakurudi, hata kumzika mama yake.

Kiwanja sasa ni safi, nanyi mnachezea mpira juu yake. Chezeni. Ila msituulize tena kwa nini tunasema mfukia sumu huipanda.