Kwa Nini Ndalambo Tunaizima Sauti ya Sinema

Nyie mnaonung'unika kwamba projekta yetu ni mbovu, nyamazeni kwanza. Si mbovu. Sauti tunaizima wenyewe, na leo mtajua sababu, maana mmenichosha na hizo kelele zenu.

Enzi za mkoloni, hapa Ndalambo sinema haikujulikana. Alikuwepo Nyamizi, binti wa kwanza wa kwetu kuandika kitabu. Alieleza jinsi mama zetu walivyokataa kung'oa mtama wao ili walime pamba ya serikali, na viboko walivyochapwa. Akampelekea shangazi yake, Kalunde, aliyekuwa mmoja wao. Alipokuja tena alikikuta kitabu kimefunika mtungi wa maji.

"Kizuri, mwanangu, vumbi haliingii," Kalunde alimwambia. "Lakini mimi kusoma sijui, na wenzangu vilevile. Sasa hayo yetu umemwandikia nani?"

Wee! Maneno yale yalimkaa Nyamizi rohoni. Mwingine angenuna. Yeye alifunga safari, akaenda ng'ambo kujifunza kupiga picha za sinema, akarudi na kamera begani. Aliwapiga picha akina mama walewale, shambani mwao, wakisema Kinyamwezi chao. Watu wa mjini walimcheka, eti sinema ya vikongwe. Hakuwajali hata kidogo.

Siku ya kuionyesha tulijazana mchana ndani ya ghala la pamba, madirisha tumeyaziba kwa mikeka. Nilikuwa mdogo, nimekaa mapajani kwa mama. Bwana shauri, yule mzungu mkuu wa wilaya, akaja na askari. Mkalimani wake alikuwa amemweleza wanayoyasema wale akina mama, naye hakuyapenda. Akaichukua spika, akasema tutazame picha tu, kisha akaketi nje kutulinda.

Kalunde alikuwa ameletwa kwa kitanda, na kila mtu alijua hatafika mavuno. Kungoja ruhusa kulikuwa ni kumzika kabla hajasikika. Basi Nyamizi akaiwasha projekta hivyohivyo, bila sauti.

Kalunde alipojiona kwenye shuka tuliyoitundika ukutani, midomo inacheza na neno halitoki, alifoka. "Ala! Nani kanifanya bubu?" Akataka ashikwe mikono, akasimama. "Mtama wangu sing'oi!" Akayasema yote, neno kwa neno. Mama yangu akanitua chini, akasimama naye, kisha wengine, mpaka mabati yakatetemeka. Bwana shauri aliingia mbio akidhani tumeficha spika nyingine. Alikagua hadi nyuma ya marobota, akakuta wanawake tu.

Na tangu siku hiyo, kila mwaka tukiionyesha sinema ile, sauti tunaizima, na wa damu yao husimama kuwasemea. Spika tulirudishiwa zamani, imo kabatini. Mimi humsemea mama yangu. Kalunde alikuwa akisemewa na bibi yako, wewe Mbula, na bibi yako tumemzika mwezi uliopita. Haya, wewe uliyenung'unika kuliko wote, simama. Picha ya Kalunde ndiyo hiyo inakuja.