Msondo wa Bi Mwamvita

Sogeeni mkae, na mwenye haraka ya kujibu auume ulimi wake mpaka nimalize, maana nawajua.

Pale Mtepweni palikuwa na watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Siwatu alikuwa na viganja vya kusikiliza. Akikuwekea mikono kichwani hakukandi wala hakufinyi, anatulia tu, na baada ya muda anakwambia mwili umejifunga wapi. Chande, muunga mifupa, alikuwa na mikono yenye subira. Kiungo kilichokaza hakukivuta. Alikishikilia mpaka kichoke chenyewe kukaza. Wa tatu ni Riziki, na huyo hakuwa mganga wa kitu chochote. Kipaji chake kilikuwa mapigo. Ngoma akiisikia mara moja haimtoki tena, hata akitwanga mpunga utaisikia kwenye kinu.

Mwenye kisa sasa. Bi Mwamvita alikuwa mpigaji wa msondo, ile ngoma kubwa ya ukoo wa marehemu mumewe. Mume alipofariki hakuna nduguye hata mmoja aliyejua kuupiga, basi mjane akaukamata. Watu wakacheza, wakasahau kuuliza kama ni halali. Aliyekumbuka kila siku ni shemeji yake, Shomari.

Na msondo una mila zake. Mrithi wake ni mmoja tu, hukalishwa juu yake mbele ya watu, na siku mpigaji atakapouacha ndiye wa kuuchukua. Tena msondo ukiwa unapigwa, mkono wa mtu mwingine hauugusi mpaka mpigaji aache mwenyewe. Shikeni hilo.

Basi mwaka mmoja Bi Mwamvita aliteleza kisimani, akakaa chini kwa kishindo. Aliinuka akacheka, akabeba ndoo yake akaenda. Lakini siku zilivyokwenda shingo ikakakamaa, mabega yakapanda yakagoma kushuka, na mikono ikawa hainyanyuki hata kufunga kilemba.

Wakaitwa wakandaji. Watu wa Mtepweni wanaamini mkando usiokuliza si mkando. Majirani huja wakaketi nje, migongo ukutani, kumsikiliza mgonjwa, na akipiga yowe wanatikisa vichwa kwa furaha: leo kakandwa huyo. Bi Mwamvita alikandwa mpaka sauti ikamkauka. Mikono ikazidi kuganda.

Shomari akaja kumpa pole, macho yakiwa kwenye msondo.

"Shemeji, uweke chini sasa. Umri umekwenda."

"Umekwenda wapi? Ninao hapa hapa, tumekaa wote."

"Watu wanataka ngoma, na wewe huwezi hata kujikuna."

Hilo lilimchoma. Akaita majirani waliokuwa ukutani, akasema mbele yao, "Atakayeirudisha mikono yangu kwenye msondo, huyo ndiye mrithi wake. Nitamtaja siku ya ngoma ya mavuno."

"Na ukishindwa kumtaja?" akauliza Shomari.

"Nikishindwa, chukua."

Alisema kwa hasira, na neno likishatoka halirudi kinywani. Sasa msondo wenyewe ulikuwa umewekwa rehani.

Akaja Siwatu. Akamlaza Bi Mwamvita kwenye mkeka, akakipakata kichwa chake viganjani, akanyamaza. Huko nje wakaanza kunong'ona.

"Kazi gani hii?" akauliza Bi Mwamvita. "Umenishika kama unachagua nazi. Hebu finya kidogo watu wasikie."

"Nikifinya sitasikia mimi, dada. Tulia."

Akatulia kwa ubishi tu, ili amwonyeshe kuwa hakuna kitu. Kichwa kikaanza kuwa kizito, mpaka usingizi ukamchukua. Majirani wakangoja yowe, yowe halikuja, wakahitimisha wanavyojua wao: mgonjwa hayupo. Mmoja akakimbia kwa Shomari. Haukupita muda Shomari akaingia uani na watu wake na mikeka ya matanga, akaanza kuelekeza msondo utokee mlango upi usije ukakwaruzwa.

Bi Mwamvita akafumbua macho. "Kafa nani?"

Shomari akasema wamepita tu kusalimia.

"Na mikeka?"

Wakaibana makwapani, wakaanza kurudi nyuma. Walipoondoka Siwatu akasema, "Shingo haina kosa. Kosa liko chini, kwenye kifandugu, pale uti wa mgongo unapoishia. Ulipoanguka kilijikunja, na mgongo mzima unavutwa kutoka huko. Lakini huko mimi siwezi kufungua. Mwiteni Chande."

Chande akaja, akapitisha kiganja chini ya kiuno cha mgonjwa, akakaa hivyo.

"Unafanya nini?"

"Nangoja."

"Unangoja nini?"

"Uache kugombana na mimi, Bi Mwamvita."

Bi Mwamvita akafyonya. Alikuwa na hasira na Chande, na Shomari, na kisima, na marehemu pia kwa kumwachia vita hii peke yake. Alipofika kwa marehemu machozi yakamtoka bila kuyaita. Chande hakuondoa kiganja. Mgongo ukaachia taratibu kama fundo lililoloweshwa maji, mabega yakashuka, shingo ikageuka huku na huku.

Alikwenda moja kwa moja kwenye msondo. Mikono ikapanda vizuri, ikatua juu ya ngozi, ikakaa pale kama mgeni asiyeonyeshwa kiti. Haikujua la kufanya. Hapo ndipo Bi Mwamvita aliogopa kweli, maana mkono uliofungwa unaweza kuwa na matumaini, lakini huu ulikuwa huru na umesahau kila kitu.

Riziki, mke wa mwanawe, alikuwa akimwangalia kutoka jikoni. Akafuta mikono kwenye kanga, akaja akaketi nyuma yake.

"Mama, usiguse kitu. Weka mikono mapajani."

Akaanza kumpiga mgongoni kwa ncha za vidole, polepole, namna ya kumbembeleza mtoto. Yalikuwa mapigo ya msondo, yale yale, pamoja na ile kurukaruka ya katikati ambayo Bi Mwamvita aliibuni mwenyewe. Kila siku Riziki alimaliza kazi zake akaja akampiga mgongoni. Siku moja mapajani vidole vya mkwewe vikajibu.

Ikafika ngoma ya mavuno. Bi Mwamvita aliupiga msondo mpaka wazee walioletwa na viti vyao wakasimama. Alipopumzika, Shomari akajitokeza katikati ya uwanja, mkarimu kabisa.

"Hongera, shemeji. Sasa mtaje."

Siwatu akasema, "Bila mimi mngekuwa bado mnaiminya shingo isiyo na kosa."

Chande akasema, "Siwatu alipaona palipofungwa, kweli. Pakabaki pamefungwa mpaka nilipokuja mimi."

Riziki akainama kwanza, kwa heshima. "Nyinyi mlimpa mikono inayonyanyuka. Inayopiga nilimpa mimi."

Uwanja ukagawanyika, watu wakabishana mpaka wachumba wakanuniana. Bi Mwamvita aliwatazama wote watatu. Alimtafuta wa kumpunguza, akamkosa. Angemtaja yeyote, wawili wangekuwa wamedhulumiwa na mdomo wake mwenyewe.

"Umeshindwa," akasema Shomari, na sauti ilikuwa ya upole. Akawaashiria wanawe. "Ubebeni."

Vijana wakasogea. Bi Mwamvita akainua mikono yote miwili, akaishusha juu ya ngozi, na msondo ukalia.

Vijana wakasimama. Wakamtazama baba yao, naye akatazama chini, kwa sababu mila ni mila hata kwake.

"Nitamtaja nitakapoacha," akasema Bi Mwamvita huku akipiga. "Na bado sijaacha. Nani kasema nimechoka?"

Riziki akaanza kupiga makofi. Siwatu akaingia uwanjani kucheza, Chande nyuma yake. Shomari akavuta kiti akaketi mbele ya msondo kabisa, akakunja mikono, akaanza kungoja.

Anangoja hadi sasa, na Bi Mwamvita anapiga hadi sasa. Lakini ile ni mikono ya binadamu, tena ya mtu mzima aliyekwisha kuanguka. Itachoka, na mapigo yakikatika kabla jina halijatajwa, msondo unakwenda kwa Shomari.

Haya, ulimi uachieni. Wewe uliyekaa hapo mbele ukitabasamu, ungemkalisha nani juu ya msondo? Sema upesi, anakusubiri wewe.