Kibuyu cha Thubutu

Haya, hadithi!
— Ije!
Ije na kweli au na uongo?
— Na vyote!

Uongo mimi sina. Asiyeniamini asimame aseme mbele ya watu. Hakuna? Wewe Mtitu, kaa chini, unachungulia sufuria tu.

Basi, palikuwa na mkuyu mmoja, na juu yake Nyani, dume lenye meno kama mapanga. Makuyu yote yake. Pimbi, mnyama mdogo wa mawe, akiomba, anapigwa kofi, pa! Wanawe wanalala njaa.

Siku moja Pimbi akaja na kibuyu kilichozibwa. Ndani, vuuuu!

"Shikamoo, mjomba. Humu mna nyuki wa bonde zima. Nikizibua, hawachagui. Utakufa wewe, nitakufa na mimi."

"We mtoto, utajiua?"

"Thubutu kunigusa."

Nyani hakuthubutu. Pimbi akala, wanawe wakala.

Nyani akaingia msituni, akarudi na kibuyu chake, kikubwa kama mtungi. VUUUU!

"Sasa je? Hata ukikimbilia mlimani, nakirusha, kinakufuata hukohuko. Thubutu!"

"Thubutu wewe, mjomba!"

"Wewe!"

"Wewe!"

Zamani ugomvi ulikuwa na raha yake, bwana. Mnaumana, mmoja anakimbia, mnakwenda kulala. Sasa? Wakakaa. Jua likazama, wamekaa. Jua likachomoza, wamekaa. Mmoja akipiga chafya, mwenzake anashika kizibo.

Pimbi akasema, "Mjomba, tupeane amani. Kila mtu mkono mmoja kwenye kibuyu, wa pili kwenye kizibo. Asiachie mtu."

"Sawa! Na wewe usiachie!"

"Siachii."

Mjinga yule Nyani! Atachumia nini makuyu, mkia? Wana wa Pimbi wakapanda mtini, nyam nyam nyam, naye anatazama.

"Pimbi."

"Naam, mjomba."

"Nimechoka."

"Hata mimi. Thubutu kulala."

Hadithi imefika kwao, nami nirudi kwangu. Funzo: ukitaka usingizi mnono, tafuta kibuyu kikubwa kuliko cha jirani.

Mbona mnanikodolea macho? Haya, kuna kipande nimekiruka. Kibuyu cha Pimbi hakikuwa na nyuki. Kilikuwa na nzi mmoja, akafa siku ileile. Tangu hapo Pimbi anavuma mwenyewe, kwa pua, vuuuu, usiku na mchana, hathubutu hata kumeza mate.

Cha Nyani kina nyuki kweli. Na mkono wake umeanza kutetemeka.