Kijiti na Vidole Vitatu

Hapo zamani, si zamani ya fisi na sungura bali zamani ya mwaka juzi, kulikuwa na nchi iliyojulikana dunia nzima kwa watu wake kukimbia mbali. Kilomita kumi walikimbia, kilomita arobaini na mbili walikimbia, mpaka wapiga picha kwenye pikipiki wakachoka kuwafuata. Lakini kukimbia haraka? Kwa hilo nchi hiyo haikujulikana hata na majirani.

Basi kikatokea kikosi cha wanawake wanne wa kupokezana kijiti, mita mia kila mmoja, kikafika fainali ya mashindano ya dunia. Hakuna aliyeamini. Waliowakatia tiketi za ndege walikuwa wamewakatia warudi nyumbani siku moja kabla ya fainali.

Wa kwanza alikuwa Kwamboka, nahodha, ambaye hakutoka hadharani bila kujipaka mafuta miguuni, maana alisema taifa halitaaibishwa na miguu yenye ukavu. Wa pili alikuwa Mwanakombo, mtu wa pwani, mwenye mdomo wa kasi kuliko miguu, na miguu yake haikuwa ya mchezo. Wa tatu alikuwa Mghoi, mwanafunzi wa hesabu chuo kikuu, aliyepima kila kitu mara tatu na baada ya hapo akaanza kuwa na wasiwasi. Wa nne alikuwa Nasimiyu, mrefu na mzuri, na hakuna aliyehitaji kumwambia.

Kocha wao, Lijodi, alikuwa na sheria moja tu. Aliisema asubuhi, akaisema mchana, akaisema mdomo umejaa ugali.

"Anayetoa kijiti asiachie mpaka ahisi vidole vinne vya mwenzake vimefunga. Vinne! Vitatu ni salamu tu."

Siku ya fainali ikafika. Bunduki ikalia. Kwamboka akatoka, miguu inameta kama meza ya bwana harusi. Akampa Mwanakombo. Mwanakombo akapita mmoja, akapita wawili, akampa Mghoi. Na Mghoi alipokipokea kijiti alishtuka: kilikuwa kinateleza kama kambare. Mafuta ya nahodha yalikuwa yamesafiri mita mia mbili.

Akakikaba hivyo hivyo, akaikata kona. Walikuwa wa tatu. Wa tatu duniani! Mbele yake akamwona Nasimiyu akingoja, na akamwona Nasimiyu akiinua macho kidogo, kidogo tu, kutazama ile televisheni kubwa ya uwanjani, ambako alionekana Nasimiyu. Kwa hiyo Nasimiyu akaondoka amechelewa hatua moja.

Mghoi akamfikia karibu mno. Akakisukuma kijiti kwenye kiganja. Akahesabu, maana yeye ni mtu wa kuhesabu. Kidole cha kwanza. Cha pili. Cha tatu.

Akaona atamkanyaga mwenzake. Akaachia.

Kijiti kikadunda chini mara mbili, ting, ting, na dunia nzima ikasikia.

Mghoi alikuwa bado anageuka wakati Nasimiyu ameshainama, ameokota, ameondoka. Na hapo hapo mkimbiaji wa njia ya jirani akajikwaa, akaja kulala kifudifudi katikati ya njia yao, hatua kumi mbele. Nasimiyu akamruka kama mtu anayeruka mtaro, akafika mwisho wa sita. Waliofika walikuwa sita.

Mlangoni mwa uwanja mwandishi wa habari akamwekea Nasimiyu kipaza sauti mdomoni. "Ni nani aliyeangusha?"

"Mimi sijawahi kuangusha kitu tangu nizaliwe," Nasimiyu akasema, akiiangalia kamera jichoni. "Hata sahani."

Wakaingizwa kwenye chumba cha kungojea. Kulikuwa na chupa za maji, ndizi sita na televisheni ukutani. Na hapo lawama ikaanza kupokezanwa, na nawaambia, ilipokezanwa vizuri kuliko kijiti.

"Ni mafuta yako, Kwamboka," akasema Mwanakombo. "Mwenzetu umekuja kukimbia au kukaangwa?"

"Mafuta yalipita mikononi mwako na hukuangusha. Muulize Nasimiyu alikuwa anamtazama nani huko juu."

"Nilikuwa naangalia mpangilio wa mbio," akasema Nasimiyu.

"Mpangilio wa nywele, labda," akasema Mwanakombo.

"Mimi nilipokea nilichopewa. Muulizeni aliyetoa."

Wote wakamgeukia Mghoi. Mghoi alikuwa ameshika ndizi ambayo hajaimenya. Vidole vitatu, alikuwa anajiambia. Nilijua ni vitatu. Akafungua mdomo ili aseme, na ndipo televisheni ikalia.

Timu iliyokuwa ya pili imeondolewa: ilipokezana nje ya mstari. Wakawa wa tano.

Lawama ikaendelea, lakini kwa sauti ya chini.

Televisheni ikalia tena. Timu iliyokuwa ya nne imeondolewa: nayo ilipokezana nje ya mstari. Wakawa wa nne.

Lawama ikakoma. Kwamboka akaanza kuomba kwa Kikisii. Mwanakombo akaitikia amina kwa dini nyingine.

Televisheni ikalia mara ya tatu. Timu iliyokuwa ya kwanza imeondolewa: mkimbiaji wao wa pili alikanyaga njia ya jirani. Wakawa wa tatu. Maishani mwao hawakuwahi kuwapita watu watatu kwa mkupuo wakikimbia. Siku ile waliwapita wamekaa, wawili kati yao wakila ndizi.

Kabla hawajamaliza kupiga vigelegele, mlango ukafunguliwa. Akaingia mwamuzi mkuu, mama mwembamba aliyevaa saa mbili, moja kila mkono. Kocha Lijodi alikuwa nyuma yake, akitafsiri huku jasho likimtiririka.

"Mama anasema hivi. Kijiti kikianguka, anayekiokota ni yule aliyekuwa nacho mwisho. Akikiokota mwingine, timu inaondolewa. Anasema aliyeokota ni Nasimiyu, hilo wameliona. Lakini kijiti kilipoanguka kilikuwa cha nani? Kamera zote zimezibwa na miili ya watu. Anataka mmoja wenu aseme, kisha atie sahihi."

Mnaona shida ilipo? Kama Mghoi ndiye aliyeangusha, medali hakuna. Kama ni Nasimiyu, medali ipo. Yule ambaye robo saa iliyopita kila mtu alitaka awe na hatia, sasa ilibidi asiwe nayo kabisa.

Mghoi akahesabu. Yeye aliachia. Vidole vitatu vikagusa. Je, kwa muda ule mdogo, kitu kilichoachwa na mmoja na hakijakamatwa na mwingine, ni cha nani? Chuoni hawakuwahi kufundishwa hesabu hiyo. Akamfikiria mama yake, ambaye kwa miaka mitatu amewaambia majirani kwamba binti yake harudi likizo kwa sababu ya masomo, maana aliona aibu kusema anakimbia na kijiti mkononi. Medali moja ingemwezesha yule mama kusema kweli. Na ili mama aseme kweli, binti ilibidi anyamaze.

Akanyamaza. Na kunyamaza huko kulimuuma kuliko kona yote aliyokimbia.

"Lete kalamu," akasema Nasimiyu.

"We Nasimiyu," Kwamboka akanong'ona, "umesema mbele ya taifa zima hujaangusha hata sahani!"

"Basi leo nimeanza." Akaandika, akatia sahihi: kilikuwa mkononi mwangu, nikakiangusha.

Mwamuzi akatazama saa zote mbili, akaichukua karatasi, akatoka. Medali ikawa yao. Wasichana wa nchi nyingine, waliokuwa wa nne uwanjani kabla hawajaondolewa, walipita ukumbini wakilia, na wale wa mshindi aliyeondolewa walikuwa wameshapiga picha na bendera. Hayo nayo yawekeni akilini.

Basi jioni wenye mashindano wakatoa zawadi: kila timu iliyopata medali ipewe kijiti chake. Medali zilikuwa nne, kila mmoja na yake. Kijiti kilikuwa kimoja. Na wale wanawake waliokuwa wanasukumiana kosa, sasa wakaanza kunyang'anyana.

"Ni changu," akasema Kwamboka. "Mimi ndiye niliyekitoa mstarini. Na bila mafuta yangu kisingeanguka, na kisingeanguka Nasimiyu angekuwa chini ya yule aliyejikwaa, anakanyagwa kama zulia. Mafuta yangu yametuokoa."

"Ati mafuta!" akasema Mwanakombo. "Ni changu. Yule wa timu ya kwanza alikanyaga njia ya jirani kwa sababu gani? Kwa sababu alinisikia nyuma yake akababaika. Nimewaondoa mabingwa bila hata kuwagusa."

"Ni changu," akasema Nasimiyu. "Nimekiokota. Nimeruka mtu mzima. Na nyumbani leo, kila nyumba yenye televisheni, mimi ndiye mwongo aliyeangusha. Nyinyi mtapokewa kwa ngoma, mimi nitapokewa kwa sahani za plastiki."

Wakamgeukia Mghoi.

"Vilikuwa vitatu," akasema Mghoi.

"Vitatu nini?"

"Vidole. Nilihisi vitatu nikaachia. Nilijua. Nikanyamaza, nikamwacha Nasimiyu aandike."

Nasimiyu akacheka.

"Mghoi, dada yangu. Mkono si wangu? Nilijua ni vitatu kabla yako."

"Na bado ukatia sahihi?"

"Na bado nikatia sahihi."

"Kwa ajili yangu au kwa ajili ya medali?"

Nasimiyu akaangalia dirisha, akajitazama kwenye kioo chake, akatengeneza nywele.

"Ngojeni kwanza," akasema Kwamboka, ambaye alikuwa amekaa akikunja vidole. "Walioondolewa ni watatu, na wawili kati yao ndio pekee waliokuwa mbele yetu kabla kijiti hakijaanguka. Kwa hiyo kisingeanguka... si tungekuwa na dhahabu?"

"Nyamaza, Kwamboka," wakasema wote watatu kwa pamoja.

Wakashindwa kuamua. Kijiti kikawekwa kwenye mkoba wa Mghoi kwa sababu ndio uliokuwa na nafasi, na mpaka leo kiko kwa mama yake, juu ya kabati, karibu na redio. Mama ameshawaambia majirani kila kitu, isipokuwa habari ya vidole.

Mghoi yuko tayari kukitoa. Amekwisha kukipangusa mafuta. Ila safari hii anasema hataachia mpaka ahisi vidole vinne.

Haya, nyinyi mliosikia, semeni: Kwamboka aliyekipaka, Mwanakombo aliyewababaisha mabingwa, Nasimiyu aliyetia sahihi, au Mghoi mwenyewe aliyeachia akanyamaza? Je, nani anastahili kunyoosha mkono?